Hayupo, Yumo

Pikapu ilikuwa imeshatoka lango la chuo na kupinda kona ya kwanza Mwalimu Miwani alipokumbuka kwamba hajaliaga kabati lake la vitabu. Akashika kitasa cha mlango kama mtu anayetaka kushuka gari likiwa mwendoni. Fundi, aliyekuwa kwenye usukani, akamwambia bila kugeuka kwamba kabati halina masikio na basi halina subira, kwa hiyo achague mwenyewe atakayemkosea adabu. Mwalimu akakiachia kitasa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na haikumsaidia kitu. Macho yake yalikuwa yamekula chumvi nyingi kuliko yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Mtu anayefundisha kwa kusoma hawezi kufundisha akiwa haoni herufi, na dada yake alikuwa ameshamwandalia chumba.

Nyuma, juu ya masanduku mawili na godoro lililofungwa kamba, alikaa binti wa fundi. Jina la ubatizo alikuwa nalo kama kila mtu, ila halikupata kazi. Tangu mdogo aliitwa Maswali, kwa sababu hakuwahi kupewa jibu akalipokea hivihivi. Alilipindua kwanza alitazame chini, kama mtu anayenunua sufuria kwa mchuuzi asiyemwamini. Alikuwa ameacha kazi ya kufundisha Kiswahili sekondari ili asome kwenye chuo kile cha Biblia, na somo alilolichagua lilikuwa la Mwalimu Miwani: Fasihi ya Dunia ya Leo na Falsafa Zake kwa Jicho la Mkristo. Fundi alikuwa akisema jina lile ni refu kiasi kwamba ungeweza kulivutia lori lililokwama.

Ndani ya pikapu, Mwalimu alizungumzia kesho. Kesho bodi ya chuo ingekaa na kumhoji Maswali kwa mdomo. Akifaulu, atashika kiti cha Mwalimu. Akishindwa, somo linafungwa na kabati linavunjwa, maana hakuna mwingine wa kulifundisha, na kwenye bodi walikuwamo watu waliokuwa wakisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Riwaya zote zile zilizokusanywa kutoka pembe zote za dunia zingegawiwa kwa yeyote mwenye kitu cha kufungia.

"Na wewe kesho uko kikaoni," Mwalimu alisema.

"Niko, lakini nimefungwa mdomo. Mzazi haruhusiwi kushika mizani ya mwanawe. Nitakaa pale kama lile kabati lako."

"Basi usimsaidie hata kwa kukohoa."

"Nimsaidie kwa kitu gani, Mwalimu? Kwa spana?"

Stendi, basi lilikuwa limeshaanza kunguruma. Mwalimu alimshika Maswali bega akamwambia maneno yale aliyoyasema kila muhula kwa kila darasa, ila safari hii aliyasema taratibu. Wanafunzi wake, alisema, siku zote walikuja wa aina mbili. Wapo waliokuja na mawe mfukoni, wakikutana na kitabu cha asiyeamini wanakipiga kabla hakijafungua mdomo. Na wapo waliokuja na ndoo ya maji, wanakibatiza kitabu kwa nguvu, wanasema mwandishi naye moyoni alikuwa mwenzetu. Wote hao hawakumsikia mwandishi. "Wewe kaa na kitabu mpaka kimalize," alisema. "Halafu useme lako kwa sauti yako." Kisha akapanda basi, akakaa dirisha la upande usiokuwa wao, akawa anaupungia mkono ukuta wa choo. Fundi na binti yake hawakucheka mpaka basi lilipopotea.

Fundi hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa fundi wa magari, na kwenye bodi ya chuo aliingia kwa mlango wa jenereta. Aliitengeneza ilipokufa, akatengeneza na pampu ya maji, na kwa kuwa alikuwa pia mzee wa kanisa, wakaona afadhali akae kikaoni kuliko kuitwa kila wakati. Siku Maswali alipoanza kuleta nyumbani riwaya za watu wasioamini, fundi alimwuliza mkewe kama ni sawa vitabu vile vilale chumba kimoja na Biblia. Mkewe alikuwa anashona kifungo. Akamjibu kwamba Biblia yenyewe imebeba mauaji, uzinzi na wafalme wendawazimu miaka yote hii na haijapasuka, sembuse kulala jirani na riwaya.

Basi Maswali akaanza kumsomea baba yake gerejini saa za chakula. Mwanzo fundi alisikiliza kama anayesikiliza mvua. Baadaye akaanza kubishana na wahusika kama wateja. "Huyu naye," angesema mdomo umejaa mkate, "tatizo lake si Mungu. Tatizo lake ni mama yake." Na mara nyingine, kwa huzuni kabisa: "Huyu ana hoja. Huyu atatusumbua." Wateja wakiuliza siku hizi binti anafanya nini, aliguna, akalalamika kwamba anammalizia umeme kwa kusoma, kisha akasema anasoma makafiri. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja tani za lori, kwamba si makafiri wadogowadogo. Makafiri wazito.

Sasa kuna jambo moja la gereji ile ambalo lazima lielezwe hapa, maana bila hilo kikao cha kesho hakieleweki.

Gereji ilikuwa na shimo. Ni shimo la saruji, refu kama kaburi na lenye ngazi ya chuma. Gari linaegeshwa juu yake na fundi anasimama ndani, anafanya kazi akiwa ameinua mikono. Maswali, kabla hajaanza shule, alikuwa akikaa langoni juu ya kreti lililogeuzwa, na wateja wakifika alikuwa yeye wa kuwajibu. Gereji nyingine ziliwafundisha watoto kusema fundi hayupo, hasa kwa mteja mwenye malalamiko. Fundi alikataa. Alisema uongo wa mlangoni ndio unaozaa uongo wa kwenye injini. Akamfundisha mtoto hivi: nikiwa hapa naonekana, sema yupo. Nikiwa nimetoka kutafuta vipuri, sema yuko, atarudi. Nikiwa shimoni, sema yumo.

Mtoto akashika somo kuliko mwalimu. Siku moja akaja mchungaji kijana, aliyekuwa na sauti nzito hata wakati ule, na baadaye watu wakamwita Mchungaji Radi. Alikuwa anasukuma pikipiki yake nyekundu, suti mwilini, jasho shingoni. Akauliza: "Baba yupo?"

"Hayupo," alisema Maswali, kwa sababu pale pa kuonekana kweli hakuwepo. Alikuwa anavuta pumzi amalizie nusu ya pili. Mchungaji alikuwa ameshageuza pikipiki. Akaisukuma kwenye jua la saa sita mpaka sokoni, kupanda mlima, na tangu siku ile akawa anaipeleka gereji nyingine, akisema yule fundi anajificha mchana kweupe. Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya waongo. Fundi alikaa benchi la tatu, akaitikia amina kwa moyo wote, bila kujua anayehubiriwa ni nani.

Alikuja kujua nyumbani, mtoto alipomweleza kwamba Mchungaji aliondoka kabla hajamaliza. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia mwenyewe. Ila ndani ya nyumba ile likazaliwa neno. Mtu akidakia maneno kabla mwenziwe hajafika mwisho, mama mtu husema, "Huyo ameshasukuma pikipiki." Hata leo.

Na Mchungaji Radi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi.

Asubuhi ya kikao, mama yake Maswali alimpigia pasi gauni la kijivu, akamkagua kola, akampa wasia mmoja tu: akiulizwa asilolijua aseme hajui, asifanye kama baba yake na gari la mkuu wa shule. Fundi akasema gari lile lilikuwa na matatizo yake binafsi. Mkewe akasema ndiyo, na la kwanza lilikuwa kupelekwa kwake.

Chumba cha kikao kilikuwa kile cha maktaba ndogo, na kabati la Mwalimu Miwani lilisimama ukutani nyuma ya wajumbe, milango ya kioo imefungwa. Juu, feni ya dari ilikuwa ikizunguka na kugonga, tak, tak, na fundi alijua mara moja kwamba ni beringi. Alishukuru. Alipata mahali pa kuweka macho.

Mchungaji Radi alifungua kwa maombi mafupi, kisha akasema wazi lililokuwa moyoni mwake, na lazima isemwe kwamba halikuwa la kijinga. Alisema kijana mmoja aliyemlea mwenyewe, aliyemfundisha hata kufunga tai, alipita kwenye kabati lile na baada ya mwaka akaacha uchungaji. Hasemi kabati lilimuua. Anasema alikuwa mzima kabla ya kulifungua. Akachukua kitini cha somo, kile ambacho Mwalimu Miwani alikitafsiri zamani kwa mkono wake, akasoma mstari uliopigiwa wino: "Hakuna Mungu, mjane alisema, akachukua ufagio wake." Akakiweka kitini mezani.

"Binti, haya ndiyo tunayowapa watu watakaotuzika. Tueleze kwa nini."

Maswali aliomba kwanza awasimulie kitabu chenyewe, kwa sababu alihisi mstari ule peke yake ni kama gurudumu lililotolewa kwenye gari. Wakamruhusu.

Ni riwaya ya nchi ya baridi, mbali sana, na mwandishi wake hakuamini, wala hakuficha. Mjane anafagia kanisa la mji mdogo. Kuna vita. Mwanawe wa pekee analetwa ndani ya jeneza katikati ya majira ya barafu, na ardhi imekuwa ngumu kama zege, majembe yanaruka. Hawawezi kuchimba. Basi jeneza linawekwa kanisani, pembeni ya madhabahu, lisubiri ardhi ilegee. Na mjane kazi yake ni kufagia. Kila asubuhi anafagia kanisa lile, akifika kwenye jeneza anazunguka. Watu wanakuja kuimba Jumapili, wanakwenda. Yeye anabaki na ufagio na jeneza. Asubuhi moja anasimama, anaegemeza ufagio kwenye benchi, anatazama pande zote za jengo lile, anasema ile sentensi. Halafu anachukua ufagio, anaendelea na kazi.

Maswali alisimulia bila kuharakisha na bila kukitetea wala kukisengenya. Mjumbe mmoja, mama wa kwaya, alikuwa ameshatoa leso. Feni ikagonga. Fundi alikuwa akiisikia hadithi ile mara ya tatu, na bado akajifanya anahesabu mapanga ya feni, ambayo yalikuwa matatu tu na hayakuhitaji muda wote ule.

"Sasa kuhusu sentensi," Maswali alisema. "Kwa heshima zote, nadhani imetafsiriwa vibaya."

"Na nani?" aliuliza Mchungaji Radi, ambaye alijua vizuri.

"Na mwalimu wangu."

Fundi alishusha macho kutoka darini. Jana tu alikuwa amembeba mtu yule kwenye gari lake mwenyewe, na godoro lake.

Maswali akaeleza. Kwa lugha ya mwandishi, sentensi ile ina mlango mmoja. Ukisema kitu hakipo chumbani na ukisema hakipo kabisa chini ya jua, maneno ni yaleyale, na msikilizaji atajijua. Lakini ikifika kwetu, mtafsiri hana pa kujificha. Lazima achague. Hakuna. Hayuko. Hayupo. Hayumo. Mwalimu alichagua la kwanza, akafunga dunia nzima kwa neno moja. Yeye alikuwa amekaa na ukurasa ule muhula mzima, na kila aliposoma alimwona mwanamke anayetazama pande zote za jengo, juu kwenye paa, nyuma kwenye mabenchi. Huyo hazungumzii dunia. Anazungumzia humo. Alitarajia kumkuta Mtu nyumbani kwake, siku aliyomhitaji, na hakumkuta.

"Mjane alisema hayumo," Maswali alisema.

Wajumbe wawili wakatazamana. Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika. Mchungaji Radi akauliza kama kweli herufi mbili tatu zinaweza kubeba mzigo wote huo.

"Kwetu zilibeba," alisema Maswali, na hapo mdomo ukamtangulia. "Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikikaa langoni kwenye gereji. Baba alinifundisha kusema yupo, yuko, yumo, kila moja kwa mahali pake. Kuna mteja mmoja alikuja akauliza, nikamwambia hayupo, na kabla sijamaliza…"

Hapo akakumbuka anamwambia nani.

Fundi alihisi mgongo wake unakuwa wa baridi kama chesisi ya gari asubuhi. Kazi ya binti yake, kabati, miaka yote ile ya mkate na riwaya, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye pikipiki moja. Angeweza kukohoa. Alikumbuka alivyoagizwa, akameza kikohozi.

"Endelea," alisema Mchungaji Radi. "Alikuwa na nini huyo mteja? Gari?"

"Pikipiki, Mchungaji."

"Rangi?"

"Nyekundu."

Feni ikagonga, ikagonga. Mchungaji alikuwa amegeuka taratibu na kumtazama fundi, na fundi, ambaye alikuwa amefungwa mdomo kisheria, hakuwa na la kufanya ila kumtazama naye.

"Na baba yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa shimoni, anakaza nati."

"Karibu?"

"Kama kutoka hapo ulipo mpaka kwenye hilo kabati. Nilikuwa nataka kukwambia yumo."

Mchungaji Radi aliweka viganja viwili mezani, akavitazama. "Niliisukuma mpaka sokoni," alisema, si kwa mtu yeyote. "Na Jumapili nikahubiri juu ya waongo." Mama wa kwaya alianza kucheka ndani ya leso yake, akajizuia, akashindwa, na chumba kizima kikafuata, mpaka Mkuu wa chuo. Mchungaji mwenyewe alicheka mwisho na kwa shida, kama injini iliyolala muda mrefu, lakini ilipowaka iliwaka.

Kisha akafuta macho, na hapo ndipo hatari ya kweli ilipoingia, maana ilikuja na sura ya upole.

"Basi binti, umeshinda," alisema. "Mjane alisema hayumo. Kwa hiyo hakumkana Mungu, alimkosa tu. Ni muumini aliyeumia. Kitabu hiki ni chetu, kilikuwa kimevaa nguo za watu. Tuandike hivyo kwenye kumbukumbu, tubadilishe neno, somo libaki, twende tukanywe chai."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, kwa furaha. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Moyoni fundi alimwambia mwanawe apite. Pita, mama, usitafute ufunguo wa mlango ulio wazi.

Maswali alisimama pale, mkono juu ya kitini.

"Siwezi kusema hivyo, Mchungaji."

"Kwa nini? Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema mjane ndiye aliyesema hayumo. Aliyemwandika mjane hakusema hivyo. Yeye alisema hakuna, alilisema waziwazi mwanzoni mwa kitabu, akaishi nalo na akafa nalo. Siwezi kumwokoa mtu kwa silabi moja. Nikimfanya mlokole kwa sababu hayupo kunikatalia, nitakuwa nimemdanganyia wageni mlangoni kwake."

Hapo fundi aliacha kutazama feni. Alimtazama binti yake, gauni la kijivu, kola iliyokaguliwa na mama yake, na kifua kikamjaa mpaka akaona hewa ya chumba haimtoshi. Maisha yake yote alikuwa amewaambia wateja gari halijapona wakati walitaka kusikia limepona, na baadhi hawakurudi, na mara nyingi alijiuliza usiku kama si ujinga tu. Sasa aliona kitu kile kimesimama mbele ya bodi, kikiongea Kiswahili kizuri kuliko chake.

Mchungaji Radi hakukasirika. Aliegemea kiti. "Na wewe? Achana na mwandishi. Wewe Mkristo, unamjibu nini yule mama?"

"Kwanza ningechukua ufagio wa pili," Maswali alisema. "Akiniuliza, nitamwambia ninavyoamini. Naamini yumo. Naamini aliteremka mwenyewe shimoni, grisi mpaka kwenye viwiko, na huonekani ukiwa huko. Lakini hilo ni langu, Mchungaji. Kitabuni halimo, na sitaliingiza kwa mlango wa nyuma. Nitawaambia wanafunzi: hili ni lake, hili ni letu, na katikati yake pana jeneza. Msiliruke."

Mchungaji akauliza swali la mwisho, na sauti yake haikuwa tena ya mwenyekiti. Aliuliza kama kijana wake, yule aliyeacha uchungaji, angekuja mlangoni akauliza tu, Mungu yupo, angejibiwaje.

"Nisingemjibu haraka. Hakuna mtu anayeuliza kama fundi yupo kwa sababu anahesabu mafundi," Maswali alisema. "Ningemwuliza kwanza gari lina nini."

Walipiga kura kwa mikono. Mikono mingi ilinyooshwa. Mkono wa Mchungaji Radi haukunyooshwa, na alieleza sababu mwenyewe: kucheka si kukubali, na bado anaogopa. Alisema amefurahi kushindwa na mtu asiyedanganya. Fundi, ambaye hakuwa na haki ya kunyoosha mkono, alikuwa ameukalia ili usije ukanyooka wenyewe.

Nje, kwenye pikapu, baba na binti walikaa kidogo kabla ya kuwasha. Fundi alisema feni yao ile beringi imekwisha. Maswali akasema aliona alivyokuwa anaitazama. Fundi akaingiza gia, akatoa, akaingiza tena.

"Ule mlango alioufungua," alisema. "Mimi ningepita."

"Usingepita, baba."

Fundi alilifikiria jambo hilo njia nzima. Walipofika gerejini, mteja mmoja aliyekuwa akisubiri habari kama wengine aliuliza ikawaje, binti amepata au hakupata. Fundi alivua koti la kikaoni, akavaa ovaroli, akafunga vifungo vyote bila haraka, maana alitaka neno lile likae mdomoni muda mrefu iwezekanavyo.

"Yumo," alisema.

Mwalimu Miwani alisimuliwa kwa simu. Akasema, "Loo, nimewafungia dunia miaka yote hii," akacheka mpaka dada yake akaja kuuliza kuna nini. Aliishi kwa dada yake na kusomewa riwaya na watoto wa jirani, ambao waliruka kurasa na yeye akajua kila waliporuka.

Mchungaji Radi alibaki mwenyekiti mpaka alipostaafu, na kila mwaka alipiga kura ya kulifunga somo, na kila mwaka alishindwa. Aliazima riwaya ya mjane wiki ileile na hakuirudisha. Pikipiki, iliyokuwa nyingine sasa, aliileta kwa fundi, na akifika langoni alisimama mpaka ajibiwe mpaka mwisho. Yule kijana wake hakurudi kwenye uchungaji. Hufika kwake kula chakula Jumapili, na wanabishana.

Mama mtu anashona bado. Neno lake la kusukuma pikipiki lilifika chuoni, na wanafunzi hulitumia kwa mtu anayelaani kitabu kabla hajakimaliza, bila kujua lilikotoka.

Fundi alibadilisha beringi ya feni bila kuagizwa na mtu. Alifanya kazi mpaka magoti yalipoikataa ngazi ya shimo, akamwachia gereji mpwa wake, na sasa hukaa langoni na kuwajibu wateja.

Maswali ndiye anayefundisha somo lile. Kitini kimechapwa upya, na kwenye sentensi ya mjane ameacha pengo. Kila mwanafunzi hujaza mwenyewe, kisha hueleza kwa nini.